Pinde tatu, na wa nne

"Shangazi, mimi ni mzee wa miaka 74, Msandawe, naishi jirani na Kwa Mtoro, wilaya ya Chemba. Nina pinde tatu. Mkubwa aliuacha marehemu baba yangu, wa katikati nimeuwindia ujana wangu wote, na mdogo ndio niliowafundishia wanangu. Mwanangu wa kwanza yuko Dodoma mjini. Mke wake ameokoka, anasema vitu hivyo ni uganga na haviingii nyumbani kwake. Mtoto wao wa kiume, miaka 17, alipokuja likizo alipiga picha na upinde, akaurudisha ukutani. Anayependa ni mtoto wa binti yangu, msichana wa miaka 15 ninayeishi naye. Mdogo wangu anasema upinde hauendi kwa mtoto wa binti, ni kuutoa nje ya ukoo, tena kumpa mwanamke. Juzi kijana mmoja anayetembeza watalii ametaka kuununua ule wa baba. Nataka nigawe ningali hai. Nifanyeje?"

Shikamoo mzee wangu.

Nianze na lililonichekesha. Barua yako imekuja kwa simu, nukta na mkato kila kimoja mahali pake, halafu chini kabisa, baada ya jina lako, kuna sentensi ambayo sidhani kama uliitamka wewe: "Ule wa katikati naweza kuuvuta hadi kidevuni." Basi nikajua simu ilikuwa mikononi mwa nani. Tutamrudia.

Umefanya vyema kutogoja kufa ndipo watu wagawane. Kwetu Ugogoni babu yangu mzaa baba aliacha upinde ukining'inia ndani ya tembe, juu ya mafiga, ukipigwa na moshi miaka nenda miaka rudi. Hakusema ni wa nani. Siku ya arobaini yake binamu zangu wawili waliushusha, wakautia ugwe, ile kamba ya kuvutia, wakaanza kushindana nani ataufikisha sikioni. Ulilia mara moja tu, ta! Vikabaki vipande viwili. Siwalaumu, maana hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba mti uliokauka miaka yote hiyo bila kuvutwa haurudishwi kazini kwa siku moja. Vile vipande vilichemshia chai ya waombolezaji. Nilichokuja kukisikitikia baadaye, nilipopata akili, ni kwamba pale uani walikuwepo wanaume zaidi ya ishirini na hakuna hata mmoja aliyejua kuchonga mwingine.

Kwa hiyo, mzee, umeniuliza habari za pinde tatu, nami nakuuliza: wa nne uko wapi? Baba yako hakurithi upinde mmoja wa kumtosha maisha yake yote. Pinde huvunjika, huliwa na dumuzi, hulegea. Alichopewa ni kuujua mti. Akipita porini aone shina lililonyooka na kusema huu unafaa, ule una fundo, huu uachwe kwanza. Ajue akiukata anauanika wapi, kivulini siku ngapi, anaukunja kwa moto wa namna gani, anaanza kuchonga upande upi. Ajue mishipa ya mnyama inavyosokotwa ikawa ugwe, na msumari unavyogongwa ukawa kigumba, ile ncha ya chuma ya mshale. Hayo yote yako kichwani mwako na mikononi mwako, na hayo ndiyo ambayo hujamgawia mtu.

Sasa huyo binti. Usimpe ule mdogo. Najua ndio unaokujia akilini, maana utawaridhisha wote: yeye amepata, na mdogo wako hakukasirika sana kwa kuwa ni wa kitoto. Lakini binti wa miaka 15 anayevuta upinde wa mtu mzima ukimpa wa kujifunzia atajua umemtupia mfupa. Mchukue porini. Akate yeye, wewe uelekeze. Akikosea, akate mwingine. Huo atakaouchonga ni wake, na hapa nakuambia kwa ujanja kidogo wa kishangazi: mdogo wako hana neno juu yake. Upinde huo haukuwa wa ukoo jana, hakuna anayeweza kusema umetolewa nje ya ukoo leo.

Simpuuzi mdogo wako. Kuhusu ule wa marehemu baba yenu ana hoja, kwa sababu ni wa baba yake pia, na ukiamua peke yako utaacha ugomvi ambao hautakuwepo kuusuluhisha. Hilo la "tena mwanamke" ndilo ninalomkatalia. Kwenye Olimpiki wanawake na wanaume husimama umbali uleule, mita 70, mbele ya shabaha ya kipenyo kilekile cha sentimita 122. Mwambie hivyo kwa upole, mkiwa mmeshakula.

Ule mkubwa, basi, uwe wa mwanao wa kwanza kwa jina na ukae kwako kwa sasa. Waite watu: mdogo wako, wanao, binti yako pia, na majirani wawili wa kushuhudia. Tamka mbele yao kwamba huyu ni mtunzaji, si mwenye mali ya kuuza. Usiuweke juu ya moshi wala juani, usiuache umetiwa ugwe.

Mkwe wako msikilize kabla ya kumjibu. Anachokiogopa yeye ni kilichofungwa kwenye mti, mti wenyewe hauna neno. Je, kuna kitu umefunga pale? Kama ni kipande cha ngozi cha kuzuia mkono usiteleze, mwambie hivyo, mwonyeshe, akishike. Kama ni dawa, mwambie ukweli na uitoe mwenyewe mkiwa wote mnaona. Nimeona ndoa zikiyumba kwa hirizi ambayo hata mwenye nyumba hakujua kama ipo.

Ule wa katikati usimpe mtu mwaka huu. Mjukuu wa mjini aje likizo ya Desemba akae wiki mbili, bila kuahidiwa kitu. Alipiga picha akarudisha ukutani, ndiyo, lakini kuna mtu aliyemwambia auvute? Vijana wa mjini wanaogopa kuchekwa kuliko wanavyoogopa nyoka. Ajifunze kwa ule mdogo, pamoja na binamu yake, binti akiwa ndiye mwalimu. Baada ya mwaka mmoja au miwili utaona wenyewe unaelekea mkono gani.

Shabaha yao iwe gunia lililoshindiliwa nyasi. Nasema hivi kwa kuwa ulikua wakati mwingine. Kuwinda mnyamapori bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, na Pori la Akiba la Swagaswaga liko upande wenu huohuo. Mtoto akikutwa humo na upinde na mishale, hakuna askari atakayesikiliza habari za mila. Na podo lako, ule mfuko wa mishale, kama limevikwa ngozi ya mnyama wa porini, hiyo inahesabika nyara ya serikali hata kama swala huyo alikufa kabla mjukuu hajazaliwa. Nenda ofisi ya wanyamapori ya wilaya ukaulize kabla halijasafiri kwenda mjini ndani ya basi.

Hukuandika habari za sumu, nami nashuku kuna mishale ya zamani humo podoni iliyofungwa vigumba kwa ukanda wa ngozi. Hiyo hairithiwi. Sumu ya mishale husimamisha moyo, na ikitunzwa pakavu hukaa miaka mingi bila kupoteza nguvu. Mchubuko mdogo kidoleni unatosha kuleta msiba. Iondoe wewe mwenyewe uliyeipaka, mikono ikiwa imefunikwa, uifukie chini sana mbali na maji. Usiichome jikoni. Fanya hivyo wiki hii, kabla ya kikao na kabla ya lolote nililosema hapo juu.

Kijana wa watalii mjibu hapana kuhusu wa baba. Kama unahitaji pesa, na hakuna aibu katika hilo, mchongee mpya wenye mishale ya mti mtupu. Utakuwa umepata na wanafunzi wa kukushikia kazi.

Na wewe uliyeshika simu: msomee babu jibu lote, hata pale ninapokutaja. Aliyoyasema kuhusu miti yaandike kwenye daftari, si kwenye simu, simu huibiwa. Hapo kidevuni sikubishii. Ila ule mkubwa usiuvute, hata babu akiwa amelala.