Barua kwa binti yangu: "si naweza kufanya peke yangu?"

Mamangu,

Meseji yako nimeisoma mara tatu. Waniuliza, "Baba, kozi ya udruidi nishaianza, nasoma jioni nikitoka kazini, bustani ninayo, miti iko, sa mbona waning'ang'aniza nitafute kikundi? Si naweza kufanya peke yangu?" Kwa simu ningekujibu haraka haraka halafu nijute, heri nikuandikie.

Waweza. Udruidi, hii njia ya kiroho ya kuheshimu miti na misimu, iliyochukua jina la makuhani wa kale wa Waselti, hakuna wa kukukataza kuufuata peke yako. Wako wengi hapa Uingereza wanaofanya hivyo miaka na miaka na siwadharau hata kidogo, mimi mwenyewe miaka miwili ya kwanza nilikuwa peke yangu, masomo yanakuja kwa posta kutoka ile jumuiya ya wadruidi aliyoianzisha Mwingereza Ross Nichols 1964, nayasoma usiku nyinyi mmelala. Nilipenda sana. Lakini kuna jambo lilinipata sijawahi kukwambia.

Ilikuwa Samhain yangu ya pili, ule usiku wa tarehe 31 Oktoba wa kuwakumbuka waliotangulia. Bibi yako, mamangu mzazi, alikuwa amefariki Kilifi mwezi wa tano na sikuweza kwenda kuzika, wakumbuka hali ilivyokuwa. Basi nikaenda peke yangu West Kennet, lile kaburi la kale karibu na Avebury, lina zaidi ya miaka 5,000, nikaingia mpaka chumba cha mwisho kabisa, nikabandika mishumaa minne kwenye mawe nikakaa pale naongea na mamangu kwa Kigiriama mpaka ikaisha yote. Nilirudi nyumbani moyo mwepesi, najiona nimefanya jambo kubwa.

Disemba, ile siku fupi kuliko zote, nikaenda Avebury kwenye mkutano wa wazi wa kikundi cha wadruidi wa huko. Nikamsimulia mama mmoja mzee, mwalimu mstaafu, nikidhani atanisifu. Akanyamaza kwanza. Kisha akaniambia taratibu kwamba moshi wa mshumaa unaingia kwenye jiwe, na moto unaweza kulipasua, na kwamba wao Jumamosi wanaenda kuokota takataka pale, niende nijionee. Nikaenda. Alama nyeusi za moto ziko ukutani mpaka juu, na sikujua ipi yangu ipi ya mwingine.

Mamangu, niliona aibu ambayo hata leo nikiandika naisikia. Manake mimi ni mtoto wa kaya, ile misitu mitakatifu ya Wamijikenda! Nimekulia karibu na Kaya Fungo, tangu mdogo najua kule hukati mti wala huingii ovyo, na ukikosea wazee watakuita na utatoa kuku ama mbuzi pasafishwe ulipopachafua. Sasa mimi huyo huyo ndio nachoma mawe ya wazee wa watu, na kisa ni kwamba hapakuwa na mtu wa kuniambia hapana. Kitabu hakikuoni. Na moyo ukiwa na msiba unajiruhusu kila kitu.

Ndio maana nakung'ang'aniza.

Tangu siku ile niko nao, mwaka wa tisa huu. Tuko kumi na mmoja, siku ya mvua tunakuja wanne. Mara nane kwa mwaka, zile nne za jua (siku fupi, siku ndefu, na mbili za usiku sawa na mchana) na zile nne za katikati, Samhain, Imbolc, Beltane na Lughnasadh. Tunasimama duara, mtu mmoja anaita amani kaskazini, kusini, magharibi, mashariki, na hiyo amani si maneno tu kwetu, kuna mwaka wawili kati yetu walikuwa wamegombana kweli kweli na yule mama mzee akakataa tuendelee mpaka wamesogea pembeni wakaongea, tukawangoja kwenye baridi karibu saa nzima. Peke yako bustanini utaita amani na nani? Baadaye tunaimba Awen, neno la Kiwelisi la msukumo wa kishairi, mara tatu, tunagawana mkate, halafu kila mtu anatoa alichonacho, shairi, hadithi, wimbo. Mimi siku ya kwanza nilikosa, nikaimba ule wimbo wa bibi yako wa kutwanga mahindi. Sasa kila Lughnasadh, sikukuu ya mavuno, wanauimba wote, maneno wanayakosea lakini mdundo wanao.

Najua utaniuliza habari ya Iolo Morganwg, kwamba mengi tunayoyafanya yametoka kwake na ni uongo mtupu. Ni kweli, yule fundi mawe wa Wales alighushi miswada akasema ya kale, na ile sherehe aliyoifanya Primrose Hill, London, 1792 ilitoka kichwani mwake. Hata Stonehenge haikujengwa na wadruidi, ilikuwepo zaidi ya miaka elfu mbili kabla hawajaandikwa popote. Wao wenyewe hawakuacha maandishi, tunayoyajua mengi yametoka kwa Warumi waliokuwa adui zao. Katika kikundi chetu hayo yanasemwa wazi kwa mgeni siku ya kwanza, na sala ya Iolo tunaisali tukijua ni yake. Mimi sitaki kuambiwa ni ya kale. Nataka iwe ya kweli kwa tunaoisali.

Lakini jambo moja la kale linanikaa sana. Mwaka wa 60 hivi baada ya Kristo Warumi walivuka kwenda kisiwa cha Anglesey, Wales, wakaangamiza misitu mitakatifu ya wadruidi. Agosti 1914 serikali ya Mwingereza ikalipua Kaya Fungo kwa baruti, baada ya Mekatilili wa Menza, yule mama wa Kigiriama aliyeongoza upinzani dhidi ya Waingereza, kuwaapisha watu pale. Siku niliyowasimulia hili tulikuwa chini ya miti, hakuna aliyejitetea, mmoja akaniuliza tu kama miti imeota tena. Nikamwambia imeota, na kwamba kaya zetu kadhaa ziliingia urithi wa dunia 2008. Hapo ndipo nilipojua hawa ni watu wangu.

Sa tafuta chako huko huko Manchester. Nenda kwenye mikutano ya wazi, usiape chochote mwaka wa kwanza. Anayetaka hela nyingi akupe siri, mkimbie. Angalia wanaondokaje mahali, kama wanaacha mishumaa na utepe wa nailoni kwenye miti ama wanaokota hata usio wao. Na angalia kama mkubwa wao anakubali kukosolewa na mdogo.

Ukiwa bado hujapata, Samhain hii njoo kwetu. Tutataja majina ya wafu wetu kwa sauti na la bibi yako ningependa ulitaje wewe, jina ni lako pia. Mkate naoka mimi. Vaa buti za mpira, kutoka barabarani mpaka kule ni tope tupu.

Babako