Jibu: Hema la watu wanane kung'oka mchangani Tiwi

Salamu, ndugu. Umeuliza kwa nini hema lenu jipya la watu wanane liling'oka usiku wa kwanza ufukweni Tiwi, na kama familia yenu ya watu sita inunue kubwa zaidi.

Kabla ya kulilaumu hema, angalia vigingi, kwani vile vyembamba vinavyouzwa pamoja nalo vimekusudiwa udongo mgumu na mchanga mkavu hauvishiki. Mimi hujaza mchanga katika viroba vidogo, nikavifunga kamba za hema, nikavifukia kufika kina cha goti na kushindilia kwa mchanga uliolowa. Ubavu mwembamba uelekee upepo, yaani kusini-mashariki wakati wa kusi na kaskazini-mashariki wakati wa kaskazi, mlango ukiwa upande wa pili. Usilisimamishe chini ya minazi, hata kivuli kikivutia namna gani, wala karibu na mstari wa mwani uliokauka, hasa siku za bamvua, yaani maji yanapojaa kupita kawaida, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu.

Kubwa zaidi sikushauri, maana litakamata upepo zaidi. Idadi iliyoandikwa huhesabu watu waliolala bega kwa bega bila mizigo, kwa hiyo la wanane linawatosha sita na mabegi yao.