Kupunguza kwato za punda: kisu kije mwisho

Ukipita mnadani Kisongo au Ngaramtoni siku ya soko, waangalie punda chini, miguuni. Wale wanaovuta mikokoteni kwenye lami na kokoto, kwato zao hujisaga zenyewe. Wanaofungwa nyumbani wakisubiri kubebeshwa maji, ncha zimeota hadi zimejikunja kama pembe za mbuzi, na mnyama anatembelea visigino. Kwa ajili ya hao nilijifunza kazi hii.

Aliyenifundisha ni mzee aliyetunza farasi miaka mingi kwenye mashamba ya Usa River. Kisu hakunipa upesi. "Kijana wangu, jifunze kwanza kuomba mguu," alikuwa akisema. Simama ubavuni karibu na bega, uso wako uelekee mkia. Shusha kiganja polepole kutoka begani hadi chini ya goti, minya kidogo kwa nyuma, subiri. Akiunyanyua, ushike chini chini, chini ya mwili wake. Ukiuvuta pembeni atakunyang'anya. Mguu wa nyuma, msogelee hadi mgusane. Wengi hujitenga kwa woga, na hapo ndipo teke linapowapata vizuri. Kumfunga pua kwa kamba au kumchapa sikushauri kabisa: leo utamaliza, mara ijayo hutamshika.

Kabla ya kukata, mtazame akiwa amesimama mahali tambarare. Mstari wa mbele wa ukwato ufuate mteremko wa kifundo kilicho juu yake. Ukwato wa punda umesimama zaidi kuliko wa farasi na ni mwembamba, kwa hiyo usijaribu kuulaza ufanane na wa farasi.

Sasa safisha. Toa tope na mawe, piga brashi mpaka uone utepe wa njano iliyofifia kati ya ukuta mgumu wa nje na soli. Huo ndio ramani yako: kinachokatwa ni ukuta uliozidi, soli iache. Kata kipande chembamba kwa koleo, tazama, kata tena, kisha sawazisha kwa tupa na uviringishe ukingo usije ukapasuka. Ukiona rangi ya waridi, au soli ikibonyea kwa kidole gumba, acha hapo hapo. Ile pembetatu laini ya katikati usiichonge, ondoa tu vinyama vinavyoning'inia. Ikiwa nyeusi na inanuka, inaoza kwa kukanyaga samadi mbichi; tatizo liko bandani, kakaushe sakafu.

Januari, vumbi likitawala, ukwato unakuwa mgumu kama nini! Msimamishe kwanza kwenye tope au maji. Tupa ya seremala yenye meno makubwa inafaa, ila makali yake huisha mapema.

Kwa kuwa ukwato hukua chini kidogo ya sentimita moja kwa mwezi, wiki 6 hadi 10 zinatosha kati ya kazi moja na nyingine. Zile zilizojikunja usizimalize siku moja. Mishipa ya mguu imezoea ule mkao mbaya, punguza kwa awamu. Na punda akianza kuchechemea ghafla, ukwato ukiwa wa moto, weka tupa chini umpigie afisa mifugo wa kata. Huenda kuna jipu ndani.