Dripu ya njano ilitupotezea nusu siku

Mama mdogo wangu yuko Bahi, ana sukari, na alikua na kidonda mguuni. Siku hiyo asubuhi akaanza kutetemeka, anapumua haraka haraka, anaongea vitu havieleweki, sisi tukajua ni malaria tu, tukamwita mtu wa duka la dawa akaja kumtundikia ile dripu ya njano yenye vitamini, tukakaa tunaiangalia inadondoka mpaka saa tisa mchana ndo tukakodi gari kumpeleka Dodoma mjini. Tunafika presha iko chini kabisa na mkojo hajapata tangu asubuhi.

Wakasema ni sepsisi, yaani mwili unavyopambana na maambukizi umevuka mpaka hadi figo na viungo vingine vinaanza kufeli. Wakamchoma antibayotiki ya mshipani, wakampa maji, usiku akawa ICU na dawa ya kupandisha presha.

Usiku huohuo kaka yangu aliyeko Dar akatuma kwenye grupu la familia habari kwamba vitamini C ya mshipani inatibu sepsisi, tuchange inunuliwe. Na siyo habari ya kutunga jamani, mwaka 2017 daktari Paul Marik wa Marekani alitoa matokeo ya wagonjwa 47 wa sepsisi aliowapa vitamini C, thiamini (vitamini B1) na haidrokotisoni (dawa ya aina ya steroidi), vifo asilimia 8.5, kundi la kulinganisha 40.4. Nikashawishika kabisa. Dada daktari wa zamu akanikalisha akaniambia wale wa kulinganisha walikua wagonjwa wa miezi ya nyuma, hawakugawanywa kwa kura kuamua nani apewe dawa na nani asipewe. Utafiti wa LOVIT wa 2022 uligawa kwa kura, wagonjwa 872 wa ICU huko Canada, Ufaransa na New Zealand: waliopewa vitamini C, asilimia 44.5 walikufa au viungo vilikua bado havijakaa sawa siku ya 28, wasiopewa 38.5. Yaani waliopewa ndo walifanya vibaya zaidi!

Kwahiyo ndugu yangu ukiona mtu ana homa au kidonda halafu anachanganyikiwa, anahema, mkojo umepotea, usitafute dripu, tafuta gari. Na ukifika uliza kwa heshima, "dokta, antibayotiki ya kwanza ataipata saa ngapi?", maana presha ikishashuka miongozo inataka iingie ndani ya saa moja.

Mama mdogo alikatwa vidole viwili vya mguu. Yuko nyumbani, na ule mchango wa vitamini ndo nauli yake ya kwenda kusafishwa kidonda.