Nataka PhD ya biashara ya kimataifa, nianzie wapi?

SWALI: Shikamoo Prof. Nimemaliza masta ya uchumi, tasnifu yangu ilikuwa ya shilingi na dola. Sasa nataka PhD ya biashara ya kimataifa. Rafiki yangu mmoja anasema hiyo na makro ya uchumi ulio wazi ni kitu kimoja nisijisumbue kuchagua, mwingine anasema hesabu zitanitoa roho. Nani mkweli? – Msomaji, Mbeya

JIBU: Marahaba. Wa hesabu ndo mkweli, huyo mwingine mpuuzie taratibu.

Vyuo vingi vinayaweka hayo mawili chini ya jina moja ila maswali yake hayafanani kabisa. Watu wa biashara wanauliza nani anamuuzia nani nini na kwa sababu gani, na kwenye modeli zao nyingi hela hata haimo. Utaanza na mchumi Ricardo wa 1817, divai ya Ureno na nguo za Uingereza, halafu utakuta wachumi Eaton na Kortum mwaka 2002 wamechukua hoja ileile wakaitanua ibebe nchi nyingi kwa mpigo pamoja na gharama za usafirishaji, kisha Melitz 2003 anauliza mbona ndani ya nchi moja ni kampuni chache tu zinazouza nje. Anajibu kwamba kuingia soko la nje kuna gharama ya kuanzia na wenye tija kubwa tu ndo wanaimudu.

Makro ya uchumi ulio wazi, yaani wa nchi inayobadilishana bidhaa na mitaji na nje, sasa ni hela, riba, madeni na muda. Cheki Oman, sarafu yao rial imefungwa kwenye dola tangu 1973, na tangu 1986 rial moja ni kama dola 2.60, na mitaji inaingia na kutoka, kwa hiyo Marekani ilipopandisha riba 2022 benki kuu ya Oman nayo ilipandisha, ipende isipende. Kenya shilingi inaelea, benki kuu inabaki na nafasi ya kupanga riba yake lakini inavumilia sarafu kuyumba. Msingi wa hayo ni wachumi Mundell na Fleming miaka ya 60, halafu Dornbusch 1976 akaonyesha kwa nini sarafu inaruka kupita kiasi kabla haijatulia: bei za madukani zinabadilika polepole, soko la fedha halisubiri mtu. Kwa tasnifu hiyo, wewe ni mtu wa makro tayari.

Hesabu sasa. Mwaka wa kwanza karibu kote hutagusa biashara, ni mikro, makro na ekonometriksi (takwimu za uchumi), mwisho mtihani ambao ukiufeli safari inaweza kuishia hapo. Kaa na matriksi, takwimu na zile hesabu za kuandika uthibitisho kabla hujaomba, sio baada.

Na sio lazima upande ndege ya mbali. Chuo Kikuu cha Dar kimo kwenye PhD ya pamoja inayoratibiwa na AERC, muungano wa utafiti wa uchumi Afrika wenye makao Nairobi, unasoma msingi chuoni kisha kozi za kubobea mnakutana Nairobi na wenzenu wa nchi nyingine. Ukiomba Ulaya au Marekani usiangalie jina la chuo tu, hakikisha wapo angalau maprofesa wawili wa makro ya kimataifa, maana mmoja akihama katikati unabaki yatima.