Kijiti cha mbele kinapopotea: kwa askari wapya wa lindo la usiku

Vijana mnaoanza lindo, jioni ya kwetu Uganda haichelewi. Ikweta inapita humu humu nchini. Jua likizama karibu na saa moja, baada ya kama dakika 20 giza limeshatanda. Ni katika dakika hizo ndipo kijiti cha mbele cha bunduki, kile cha kulengea kilicho mwishoni mwa mtutu, hukupotea, maana ni cheusi, na kila kilicho mbele yako kimekuwa cheusi pia.

Hilo lilinikuta nikiwa askari mgeni wa wanyamapori, kwenye kituo kando ya mto Nile, katika hifadhi ya Murchison. Kiboko alitoka mtoni kwenda malishoni, akashika njia ya nyumba zetu. Nikaweka bunduki begani. Kijiti kilipofika kwenye ubavu wake kikamezwa. Nikainua mtutu kwenye weupe uliobaki angani, kikaonekana. Nikashusha, kikatoweka tena. Kiboko akapita zake. Angenigeukia, ningelenga kwa kubahatisha.

Kesho yake afande wa zamu alinipeleka kwa fundi wa silaha. Nanyi anzieni hapo. Bunduki si yako, umekabidhiwa tu kwenye daftari la ghala, kwa hiyo usiipake chochote bila ruhusa. Fundi alitoa risasi zote, akachungulia chemba, akasugua kijiti kwa spiriti mpaka mafuta yakaisha, kwani rangi juu ya mafuta hubanduka upesi. Kisha akachovya njiti ya kiberiti kwenye rangi nyeupe ya kucha, akagusa mara moja, upande unaotazama jicho, chini kidogo ya ncha. Ncha yenyewe akaiacha tupu. Rangi ikipanda juu yake umerefusha kijiti, na risasi itapiga chini ya pale unapolenga. Pengo la nyuma, lile unalochungulia ili kukiona kijiti, hakuligusa kabisa. Ukilipaka nalo, jicho hulikimbilia kwa kuwa liko karibu, na kijiti unakisahau.

Nukta nyeupe inafaa magharibi, alfajiri, au penye taa ya geti. Kwenye giza totoro haisaidii, kwa sababu haina mwanga wake. Rangi ya kung'aa hunywa mwanga wa tochi kisha huutoa, lakini hung'aa sana dakika za mwanzo tu, na ikiwa kali mno humfunika unayemtazama. Ipake juu ya nyeupe, itang'aa zaidi. Kuna pia vilengeo vyenye tritiamu, gesi iliyofungwa kwenye kichupa kidogo cha kioo, ambavyo huwaka vyenyewe bila betri. Baada ya miaka 12 hivi mwanga wake huwa umepungua nusu. Ni ghali, na kichupa hicho hakivunjwi wala hakifunguliwi.

Sasa macho, na hapa ndipo wengi wenu mnaharibu kazi. Jicho huhitaji dakika 20 hadi 30 kuzoea giza vizuri. Ukifungua simu kusoma ujumbe mmoja, unaanza upya. Nimeona kijana ana nukta safi kwenye bunduki, lakini haoni hata mti ulio hatua 10 mbele yake, kwa sababu ya simu. Ukilazimika kusoma, tumia taa nyekundu hafifu. Na gizani usikodolee kitu; tazama pembeni yake kidogo, kitajitokeza. Anayeshindwa kuona kila jioni ilhali wenzake wanaona aende hospitali, huenda amepungukiwa vitamini A.

Tochi ishike mkononi, mbali na mtutu. Usitafute mtu kwa kumwelekezea bunduki. Usiku mmoja niliona kivuli kimeinama kwenye uzio, nukta yangu ikaonekana wazi kabisa katikati yake. Kidole kilikuwa nje ya kifyatulio. Nikaita, "Simama! Nani hapo?" Nikamulika. Alikuwa mwenzangu wa zamu, anafunga kamba za buti.