Ukihukumiwa bila kusikizwa, usiende kueleza tu kwa nini hukufika

Dalali wa mahakama alifika karakanani kwangu Nakuru Jumanne asubuhi, akaanza kuandika: randa ya umeme moja, msumeno wa meza mmoja, vitanda vinne. Akanipa siku saba nilipe. Hapo ndipo nilipojua kwamba kesi niliyodhani imelala ilikwisha zamani, nami nimeshindwa bila kufungua kinywa.

Deni lilikuwa la mbao. Muuzaji alidai shilingi 1,200,000. Mimi nilikuwa nimezuia malipo kwa sababu saipresi aliyoleta ilikuwa mbichi, ikapinda tukiwa bado tunaipiga randa. Samansi niliipokea na kuitia sahihi, silifichi hilo. Lakini wiki ileile muuzaji alinipigia simu tuelewane, tukaongea miezi miwili, nikaamini maneno yetu yamesimamisha kesi. Hayakusimamisha chochote. Mnaweza kuongea kila siku na siku za mahakama zikaendelea kuhesabiwa. Usipojiandikisha masjalani kwa wakati kwamba utajitetea, au ukijiandikisha na utetezi wenyewe usiufikishe ndani ya siku 14, anayedai kiasi maalumu cha fedha huomba hukumu akapewa, hata shahidi haleti.

Nilikwenda kwa wakili na kurasa tatu nilizoandika usiku, zote kuhusu kwa nini sikujibu. Akazisoma zote, kisha akaniuliza: "Sawa. Na hakimu akikubali kukusikiliza, utamwambia nini kuhusu deni?" Ndugu yangu, swali hilo ndilo lililookoa ombi langu la kutengua hukumu.

Hapa Kenya ombi hili huletwa chini ya Amri ya 10, kanuni ya 11, ya Kanuni za Mwenendo wa Kesi za Madai za 2010. Kama kweli hukupewa samansi, hukumu hiyo ina kasoro na kutenguliwa kwake ni haki yako. Kama ulipewa, ilivyokuwa kwangu, uko mikononi mwa busara ya hakimu. Ataangalia sababu yako, ataangalia ulivyokawia, lakini atatafuta hasa kama una la kujibu. Kesi ya Patel dhidi ya E.A. Cargo Handling Services, ya 1974, bado inatajwa sana: utetezi si lazima uwe wa kushinda, unatosha ukiwa na jambo linalostahili kuamuliwa kwa ushahidi. Nayo ya Shah dhidi ya Mbogo, ya 1967, inasema mahakama humsaidia aliyeteleza au kukosea kwa namna ya kusameheka, si anayekwepa makusudi ili kuchelewesha haki. Kwa hiyo usithubutu kudai hukuiona samansi uliyoipokea. Aliyekuletea ameapa kuhusu siku na mahali, na anaweza kuitwa ahojiwe.

Kurasa zangu tatu zikawa aya mbili. Sehemu kubwa ya hati ya kiapo, yaani maelezo ya maandishi niliyoyaapia, ikawa mbao: picha zenye tarehe, ujumbe nilioandika siku ya tatu baada ya kuzipokea nikilalamika, na jibu lake kwamba atabadilisha. Tukaambatisha rasimu ya utetezi. Usiiache hiyo, maana bila rasimu hakimu hana cha kupima.

Jambo jingine la haraka: kuwasilisha ombi peke yake hakumzuii dalali. Omba pia, kwa cheti cha dharura (hati inayoeleza kwa nini jambo haliwezi kungoja), utekelezaji usimamishwe kwa muda hadi ombi lisikizwe. Sisi tuliwasilisha siku ya tatu kati ya zile saba, na hata hivyo sikulala.

Hakimu aliitengua hukumu kwa masharti: nimlipe muuzaji gharama za ombi, na niweke nusu ya deni mahakamani ndani ya siku 30, la sivyo hukumu irudi. Laki sita si pesa ndogo kwa seremala. Niliuza vitanda vinne vile kwa bei ya hasara, nikakopa kwenye chama chetu cha akiba, na siku ya 26 nikawa na risiti mkononi. Nikampelekea wakili nakala siku hiyohiyo.